Utelezi mweupe kwenye kifuniko cha oili, fundi anataka kufungua hedi: nimruhusu?

SWALI

Habari za kazi kaka fundi. Mi ni msomaji wako wa hapa hapa Mbeya, naishi Isyesye na nina duka la vitambaa Mwanjelwa. Natumia Corolla 110 ya 1998, ya petroli, auto, niliinunua kwa shemeji yangu na imeshatembea kilomita laki mbili na kitu. Haijawahi kunisumbua sana, ila juzi kijana wangu alikuwa anaangalia oili akafungua kifuniko cha juu ya injini akaniita, mama njoo uone, nikakuta ndani ya kifuniko kumeganda utelezi mweupe unaoelekea njano, mzito, ukiugusa unanata kidoleni. Nikaishiwa nguvu kabisa maana nimesikia siku zote ukiona oili imekuwa maziwa ujue injini imekwisha.

Nikampelekea fundi wa karibu na nyumbani, hata hakuiwasha, akatazama kile kifuniko tu akasema gasketi ya hedi, ile inayoziba kati ya hedi ya juu ya injini na bloku ya chini, imeungua, maji yanaingia kwenye oili, niache gari afungue hedi ikaskimiwe, yaani uso wake uchongwe uwe sawa, kazi na gasketi na oili jumla laki nne na nusu, na nikichelewa itanoki nitafute injini nyingine. Hiyo hela kwa sasa ni mzigo wa duka kaka.

Nikupe na historia yake. Mwaka jana tunatoka Kyela na magunia ya mchele gari ilichemsha wakati tunapanda kuja Tukuyu, tukasimama ikapoa, tukaongeza maji tukafika salama. Fundi mwingine akatoa themostati akasema kwa hizi gari za zamani haina kazi, na kweli tangu hapo haijachemsha tena, mshale wa temperecha hauinuki, unakaa chini kabisa hata nikifika dukani. Nikivuta dipstiki oili naiona ya kahawia ya kawaida, ila juu juu kwenye kijiti kuna vitone vya maji. Maji ya rejeta huwa yanaongezwa, kijana ndiye anaongeza akiona rizevu, lile tangi dogo la maji la pembeni, imeshuka, sijui anaongeza kiasi gani, na tunaweka maji ya bomba tu. Asubuhi inatoa moshi mweupe lakini kwa baridi ya mwezi huu wa saba gari gani ya huku haitoi moshi.

Safari zangu ni fupi, nyumbani, shule ya mtoto, dukani, jioni narudi. Sasa Jumamosi inayokuja mtoto wa dada yangu anapata kipaimara Tukuyu na mi ndo msimamizi wake. Je ni kweli ni gasketi? Nimruhusu fundi afungue? Na naweza kwenda nayo Tukuyu au nipande Coaster? Ndaga fijo.

Mama wa vitambaa, Isyesye

JIBU

Dada yangu pole kwa mshtuko, na ahsante kwa kuandika kwa kirefu, maana ungeniambia tu oili ina maziwa nisingekuwa na cha kukujibu. Nianze na la haraka: usimwachie gari kwanza. Sisemi fundi wako amekosea, inawezekana kabisa ikawa gasketi kama alivyosema, ila kwa kutazama kifuniko peke yake hawezi kujua, wala mimi siwezi, wala fundi yeyote hapa mjini hawezi, na hedi haifunguliwi kwa kukisia kwa sababu hedi ya zamani iliyokuwa nzima ikishafunguliwa na kufungwa vibaya ndo mwanzo wa kuvuja kweli.

Huo utelezi ni oili iliyochanganyika na maji, hapo hamna ubishi. Ugomvi wote ni kwamba hayo maji yametoka wapi, na injini inapata maji kwa njia mbili. Njia moja ndo hiyo anayoisema fundi, maji ya rejeta yanapenya. Njia ya pili watu wengi hawaijui: petroli yenyewe ikiungua inatoa maji, na si kidogo, lita moja ya petroli inatoa karibu lita moja ya maji yakiwa mvuke. Mengi yanatokea ekzosi, na ndo huo moshi mweupe wa asubuhi unaouona kwa kila gari, lakini kiasi fulani kinapita pembeni ya ringi za pistoni kinashuka kwenye sampu, lile bakuli la oili chini ya injini. Injini ikipata moto vizuri ule mvuke unafukuzwa unarudi kuvutwa na injini na kutokea ekzosi. Injini isipopata moto mvuke unatafuta mahali penye ubaridi ugande pale, na mahali penye ubaridi kuliko pote ni kifuniko cha oili na shingo ya dipstiki, maana viko juu vinapigwa na hewa.

Sasa angalia gari yako. Mwezi wa saba Mbeya, safari ambazo hata dakika kumi na tano hazifiki, na themostati hamna! Themostati ndo inayoyazuia maji yasizunguke kwenda rejeta mpaka injini ipate joto, kwa hizi Toyota inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, ukiitoa maji yanazunguka kwenye rejeta tangu unapowasha na kwa baridi ya huku injini inaweza kufika dukani bado vuguvugu, mshale wako unasema hivyo hivyo. Na hata ukiwa nayo nzima, mshale ukifika katikati maana yake maji yamepata moto, oili inachelewa zaidi, inataka uendeshe dakika ishirini au nusu saa ndo ipate moto wa kutosha kukausha unyevu. Kwa hiyo kwa kifuniko chenye utelezi, oili ya kahawia chini, na vitone juu ya kijiti, mi naona uzito uko upande wa ubaridi.

Ila mambo mawili yananikataza kukwambia ulale usingizi. Gari ilishachemsha ikiwa na mzigo, na kuchemsha ndiko kunakopinda hedi ya aluminiamu, gasketi inaweza ikabaki inashika halafu ikaja kuachia miezi baadaye. La pili ni maji yanayopungua bila mtu kujua yanapungua kiasi gani. Hilo la pili ndo la kulifukuzia, dada, rangi ya oili iache kidogo, tafuta maji ya rejeta yanakwenda wapi. Unyevu wa baridi hauchukui hata tone la maji ya rejeta. Gasketi ikivuja kwenye oili lazima rejeta ipungue. Ukishajua hilo umejua karibu kila kitu.

Anza asubuhi kabla hujaiwasha, injini ikiwa ya baridi kabisa, na hapa nisisitize usije ukafungua mfuniko wa rejeta wa moto hata kwa kitambaa, nimeona watu wameungua uso. Fungua rejeta, jaza mpaka shingoni, jaza rizevu mpaka kwenye mstari wa juu, halafu chora alama kwa maka peni. Mwambie kijana asiongeze kitu bila kukuambia. Futa utelezi wote kwenye kifuniko na kwenye shingo kwa kitambaa kikavu, futa dipstiki, irudishe, ivute tena uangalie oili imefika wapi na uandike. Halafu tumia gari mjini kama kawaida yako mpaka kama katikati ya wiki, kila asubuhi unatazama alama ya rizevu na kimo cha oili, na ukiona siku yoyote ncha ya chini ya dipstiki imebadilika rangi unasimama hapo hapo. Maji yakishuka na oili ikipanda, umepata jibu na si zuri. Maji yakikaa palepale na utelezi ukarudi kwenye kifuniko, ni ubaridi.

Yakishuka lakini oili haipandi, usikimbilie gasketi, kwanza tafuta nje. Wota pampu ina kitundu chini yake kinachotoa maji ikichoka. Mipira ya rejeta inavujia kwenye klipu. Tangi la plastiki la juu ya rejeta linapasuka ufa mwembamba unaovuja gari ikiwa ya moto tu. Kapeti ya mbele upande wa abiria ikiwa na unyevu ni hita. Na kwa kuwa mnatumia maji ya bomba tafuta michirizi ya kutu, ndo alama yake. Mfuniko wa rejeta nao utazame, umeandikwa 0.9 au 1.1 juu yake, raba yake ya ndani ikikauka haishiki presha, na huku juu hilo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani kwa sababu Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya bahari, maji yasiyo na presha yanachemka kwenye nyuzi 94 hivi wala si 100. Mfuniko mzima unayasogeza mpaka juu ya 110. Kwa hiyo gari yenye mfuniko mbovu huku kwetu inachemsha mapema na kumwaga maji, na inawezekana kabisa hata ile ya Kyela ilianzia hapo na hakuna aliyeangalia.

Kwa kuwa gari yako ni auto vuta na dipstiki ya giaboksi. Oili ya gia inapoozwa ndani ya rejeta, kile kibomba kikitoboka maji na oili ya gia vinachanganyika, utaona rangi ya waridi yenye maziwa kwenye dipstiki ya gia na kwenye rejeta. Hapo injini haina kosa lolote na mtu akikufungulia hedi amekula hela yako bure, na giaboksi ndo inayokufa kwa hiyo usiendeshe kabisa.

Kuna kipimo kimoja unaweza kumwomba fundi akufanyie kwa dakika chache. Gari ikilala usiku kucha, asubuhi bila kuwasha, alegeze nati ya kumwagia oili taratibu, asiitoe, iache idondoke kidogo kwenye kikombe cha kioo. Maji ni mazito kuliko oili yanakaa chini, kwa hiyo kama yapo mengi yanatangulia yenyewe kutoka kabla ya oili. Ikitoka oili safi ya kahawia tangu tone la kwanza ni dalili nzuri. Ikitoka yote imegeuka chai ya maziwa, usiiwashe tena hiyo gari, vuta kwa kamba mpaka gereji, kwa sababu oili ya namna hiyo haishiki kati ya krenki, ile shafti kuu ya injini, na metali zake na kunoki hapo si hadithi.

Kipimo cha uhakika zaidi ni pampu ya presha. Gereji nyingi kubwa wanayo, inafungwa mahali pa mfuniko wa rejeta, injini imezimwa, unapampu mpaka namba iliyo kwenye mfuniko, usizidishe, unaiacha. Mshale wa pampu ukikaa palepale nusu saa au zaidi, gasketi yako nzima kwa asilimia kubwa. Ukishuka na nje hakudondoki kitu, maji yanaingia ndani, wafungue plagi wazungushe injini kwa stata uone kama kuna silinda inayorusha maji, na plagi zenyewe zitazamwe, iliyokuwa inaoshwa na maji inakuwa nyeupe safi kuliko wenzake. Waongeze na kompresheni testi, yaani kupima mgandamizo wa kila silinda, silinda mbili zilizo jirani zikiwa chini pamoja mara nyingi gasketi imeliwa katikati yao. Niseme na hili maana watu wanadanganyika nalo sana: fundi anafungua rejeta, anawasha, haoni mapovu, anasema gasketi nzima. Mapovu yanaonyesha moshi wa silinda unaoingia kwenye maji tu. Gasketi inaweza kuvuja kati ya njia ya maji na njia ya oili bila povu hata moja.

(Wenye Prado na Land Cruiser za dizeli mnaosoma, nyie mna njia nyingine, oili kula, kile kipoozeo cha oili kinachopozwa na maji ya rejeta. Ikitoboka ndani, gari ikitembea oili ina presha kubwa kuliko maji kwa hiyo oili inakwenda kwenye rejeta, ukizima maji ndo yanarudi kwenye oili. Ukiona rejeta imejaa oili anza na kula kabla ya hedi. Corolla ya huyu dada haina.)

Tukuyu sasa. Safari yenyewe ni kama kilomita 70, unapanda kutoka Uyole mpaka Isongole ndo unaanza kushuka, na ingekuwa ni ubaridi tu hiyo safari ingekuwa dawa, injini ingepata moto mwendo mrefu na unyevu wote ungekauka. Ingekuwa gasketi, huo huo mlima ungeimaliza. Kwa hiyo kama mpaka Alhamisi maji yamekaa kwenye alama, tone la kwanza la nati limetoka safi na pampu imeshika, nenda na gari yako, beba lita tano za maji, na ukifika kanisani vuta dipstiki. Kama hujapata nafasi ya kupima au kuna hata kimoja kinakutia shaka, panda Coaster. Msimamizi wa kipaimara hapaswi kuwa amekwama barabarani anasubiri injini ipoe.

Ikithibitika ni gasketi basi mruhusu afungue, ila na masharti. Hedi ipelekwe kwa wakereza ipimwe kwa rula ya chuma na fila, vile vibamba vya kupimia nafasi, kwa injini hizi mpindo ukizidi 0.05 mm ndo inaskimiwa, na kabla ya kuskim ipimwe ufa kwa presha maana kuskim hedi yenye ufa ni kutupa hela. Uso wa bloku nao upimwe, wengi wanausahau. Bolti zikazwe kwa torki renchi kuanzia katikati kwenda nje, akikwambia mkono wake unajua tafuta fundi mwingine. Wakati mkanda wa taimingi umetoka na una umri, weka mpya na wota pampu hapo hapo. Baada ya kufunga weka oili ya bei nafuu na filta, iache inguruma mpaka ipate moto, mwaga, badilisha tena, na kama bado ina weupe rudia, ndo uweke oili yako nzuri. Wanaosuuza injini kwa dizeli au mafuta ya taa mi sikubaliani nao, dizeli inayobaki chini inaifanya oili mpya iwe nyepesi mno. Na zile dawa za kuziba za kumwaga kwenye rejeta, sijui yai, sijui unga, usithubutu, zinaziba tundu za rejeta na za hita kabla hazijaifikia gasketi.

Ikithibitika ni ubaridi, na mi ndiko ninakoegemea, gharama yako ni ndogo sana kuliko hiyo laki nne na nusu. Badilisha oili na filta sasa hivi, galoni ya lita nne inatosha na kubaki, maana oili iliyokunywa unyevu muda mrefu inatengeneza asidi na matope. Kuna vavu ndogo ya PCV kwenye tapeti kava, lile kava la juu ya hedi, yenye mpira unaokwenda kwenye manifodi ya kuingizia hewa, ndo inayovuta ule mvuke, ichomoe uitikise, isipolia kachakacha imeganda, osha au nunua nyingine, na mpira wake upulizwe uone kama umeziba. Rejeta imwagwe ile maji yenye kutu, isuuzwe, iwekwe kulanti nusu na maji yaliyochujwa nusu, hiyo inazuia kutu kuila hedi na inachelewesha kuchemka. Mfuniko wa rejeta mpya wa namba ile ile.

Halafu themostati irudi. Najua utaambiwa haina kazi, na yule aliyeitoa hakuwa na nia mbaya, gari ilichemsha naye akaondoa alichokiona kinazuia maji, lakini sababu ya kuchemsha hakuitafuta. Nunua mpya yenye namba 82, kabla ya kuifunga itumbukize kwenye sufuria ya maji jikoni uyachemshe, hata kwa maji yetu ya nyuzi 94 lazima uione inafunguka kabla hayajaanza kutokota vizuri, ukiitoa ikapoa ijifunge. Isipofunguka irudishe dukani. Ina kapini kadogo kanakocheza kwenye sahani yake, hako kakae upande wa juu wakati wa kufunga ili hewa itoke, na raba yake iwe mpya. Rejeta ijazwe mfuniko ukiwa wazi, injini inguruma, hita imefunguliwa mpaka mwisho, mpaka mpira wa juu upate moto na mapovu yaishe, ndo mfunge. Ukitoka hapo mshale upande ukae karibu na katikati, na mara moja kwa wiki ipe mwendo wa nusu saa hivi, nenda hata Mbalizi urudi. Baada ya hapo fungua kifuniko uangalie, ukikuta ni kikavu endelea na biashara yako, ukikuta utelezi umerudi na rizevu imeshuka niandikie tena na namba za kompresheni ulizopewa.